Mwenyeji Asiye na Mji

Katika lugha ya michezo, Kiswahili kina maneno mawili yasiyohitaji fasiri kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama pembezoni mwa uwanja: nyumbani na ugenini. Aliye nyumbani huitwa mwenyeji, na mwenyeji ana haki zake. Mashimo ya uwanja anayajua, upepo anajua unavumia wapi saa za alasiri, na majukwaani wamekaa watu waliomwona akikua. Anayekuja kutoka mbali ni mgeni, na mgeni hustahamili. Maneno haya yamekaa katika vinywa vya watangazaji kwa miaka mingi bila ya mtu kuyatilia shaka, kwa sababu hapajapatikana haja ya kuyatilia shaka.

Haja hiyo imewafika Wamarekani. Tarehe 28 Oktoba 2007, katika uwanja wa Wembley mjini London, Miami Dolphins walicheza na New York Giants, na kwenye ratiba Dolphins ndio walioandikwa kuwa wenyeji. Miami ni mji wa jua na minazi, na baina yake na London pana bahari nzima na zaidi ya kilomita 7,000. Siku ile mvua ilinyesha London, majani ya uwanja yakang'oka, pakawa tope. Wenyeji hao wasio na mji wakafungwa 13 kwa 10, na mwisho wa msimu hesabu yao ilikuwa ushindi mmoja na vipigo 15. Giants, waliokuja kama wageni kama ambavyo hata wenyeji walikuwa wageni, walirejea kwao na miezi michache baadaye wakatwaa ubingwa wa nchi.

Yafaa kueleza kwa nini jambo hili liliuma. Futiboli ya Kimarekani, ambayo mpira wake hushikwa kwa mikono zaidi kuliko unavyopigwa kwa mguu (na jina lake limewashangaza wengi kabla yetu), ni mchezo wenye siku chache. Ligi yake kuu, NFL, ina timu 32. Hadi msimu wa 2020 kila timu ilicheza mechi 16 za msimu wa kawaida, nane nyumbani na nane ugenini. Tangu 2021 ni 17. Timu ya besiboli hucheza nyumbani mara 81 kwa mwaka, ya mpira wa kikapu mara 41, na klabu ya soka ya ligi kuu ya Uingereza mara 19. Shabiki wa besiboli akikosa siku moja, kesho yupo. Shabiki wa futiboli ana siku nane au tisa tu katika mwaka mzima, nyingi zikiwa Jumapili, naye huzipanga kama watu wapangavyo sikukuu. Hufika asubuhi na mapema katika uwanja wa kuegesha magari, huwasha makaa, huchoma nyama, hukaribisha jirani. Jirani huyo aghalabu ni yule yule wa mwaka jana na wa miaka kumi nyuma, kwani tiketi ya msimu humpa mtu kiti kimoja mahali pamoja, na kuna viti vilivyotoka kwa babu vikafika kwa mjukuu. Kumwondolea mtu kama huyu siku moja kati ya nane ni kumwondolea sehemu ya nane ya sikukuu zake.

Jacksonville ndio mji unaoyajua haya kuliko miji yote. Uko kaskazini-mashariki ya jimbo la Florida, kando ya mto Saint Johns, na timu yake, Jaguars, ilianza kucheza 1995. Si mji wa matajiri wakubwa wala wa majengo yanayojulikana duniani. Mwaka 2005 timu iliamua kufunika karibu viti 10,000 vya jukwaa la juu kwa maturubai, kwa sababu kanuni ya zama hizo ilisema kuwa mechi ambayo tiketi zake hazikumalizika siku tatu kabla haionyeshwi katika televisheni za mji wenyewe. Picha ya maturubai yale ilienea Marekani nzima, ikawa kichekesho kwa watu wa miji mingine. Kwa watu wa Jacksonville yalikuwa ni aibu ya nyumbani iliyoanikwa uani mchana kweupe.

Kisha akaja mmiliki mpya. Shad Khan alizaliwa Lahore, Pakistan, akafika Marekani akiwa kijana wa miaka 16 kwa ajili ya masomo, akaosha vyombo ili apate riziki, akainukia kuwa tajiri wa vipuri vya magari. Aliinunua Jaguars mwishoni mwa 2011, na Agosti 2012 ikatangazwa kuwa kuanzia 2013 timu itacheza mechi moja ya nyumbani kila mwaka katika uwanja wa Wembley. Mkataba ulikuwa wa miaka minne. Ukarefushwa, ukarefushwa tena. Ukiacha 2020, mwaka wa maradhi ya korona, hapana mwaka ambao Jaguars hawakwenda London, na ukihesabu hadi 2025 utapata mechi 14 katika mji ule. Katika mwaka wa 2023 na wa 2024 walikaa huko wakacheza wiki mbili mfululizo, ya kwanza na ya pili. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; Jaguars wamekwisha kustahiki jembe, na pengine hata kiwanja cha kujengea.

Mtu wa Jacksonville analitazamaje jambo hili? Hapa ndipo penye uzito, kwani anayedhani kuwa jibu ni hasira tupu hajawasikiliza watu hao. Hasira ipo. Februari 2020 timu ilipotangaza kuwa mwaka huo itapeleka London mechi mbili za nyumbani badala ya moja, kelele zilikuwa kubwa, maana mbili katika nane ni robo. Korona ikaifuta safari ile kabla watu hawajaona mwisho wake. Lakini pamoja na hasira hiyo upo mtazamo mwingine, ambao mtu huutoa kwa sauti ya chini kidogo, kama mtu anayekubali posa asiyoipenda: kwamba mechi ya London huingiza fedha zaidi kuliko mechi ya Jacksonville, kwamba viongozi wa timu wenyewe wamesema hivyo hadharani, na kwamba kama fedha za Wembley ndizo zinazoiwezesha timu kubakia katika mji mdogo, basi bora kuikosa Jumapili moja kuliko kuzikosa zote. Mtu huyo huyo, saa hiyo hiyo, anaweza kuona fahari jina la mji wake linapotajwa katika mitaa ya London na watoto ambao hawajui Florida iko upande gani wa dunia. Hisia hizi tatu hukaa katika kifua kimoja wala hazisukumani. Waandishi wa magazeti hupenda kuwagawa mashabiki makundi mawili, wanaokubali na wanaokataa. Yumkini wengi wao ni mtu mmoja aliyeulizwa siku mbili tofauti.

Kuna hofu nyuma ya haya yote. Aprili 2018 ilipojulikana kuwa Khan ametoa pauni milioni 600 kuununua uwanja wa Wembley wenyewe, Jacksonville hapakulalika. Ofa ile aliiondoa Oktoba mwaka huo. Hata hivyo Mmarekani anayependa timu yake hahitaji kuota ndoto mbaya, kwani ameyaona kwa macho. Katika ligi hii timu ni mali ya mtu, na mtu anaweza kuhama na mali yake.

Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Machi 1984, magari makubwa ya kuhamishia vyombo yaliingia katika makao ya Baltimore Colts. Vitu vyote vikapakiwa usiku ule, nje kukiwa na baridi na theluji, na kulipopambazuka timu iliyokuwa ya Baltimore tangu 1953 ilikuwa njiani kwenda Indianapolis. Iliondoka na jina lake na rangi zake. Kitu kimoja hakikuondoka: bendi. Colts walikuwa na bendi ya matarumbeta na ngoma, ya watu wa mji wenyewe, na sare zao usiku ule hazikuwamo katika jengo kwa kuwa zilikuwa kwa dobi. Bendi ikabaki na sare zake, na ikaendelea kupiga. Kwa miaka 12 Baltimore ilikuwa na bendi ya timu isiyokuwapo. Walipiga kwenye gwaride, walipiga kwenye mechi za timu za watu wengine, walikwenda mpaka mbele ya wabunge wa jimbo la Maryland kupiga ili fedha za uwanja mpya zipitishwe. Msomaji wa pwani aliyesimuliwa habari za beni za Lamu na Mombasa, jinsi mitaa ilivyoshindana kwa magwanda na matarumbeta, hatashangaa kusikia kuwa muziki ulikaa zaidi ya kile ulichokuwa ukikishangilia. Mwaka 1996 Baltimore ikapata timu tena, nayo ikapatikana kwa kuwahamishia huko watu wa Cleveland, ambao nao wakabaki na jina na rangi tupu hadi walipopewa timu mpya 1999. Kilio cha mji mmoja kikawa shangwe ya mji mwingine. Tangu hapo Rams wameondoka Saint Louis, Chargers wameondoka San Diego, Raiders wameondoka Oakland, yote hayo baina ya 2016 na 2020.

Kwa hiyo safari ya wiki moja haionekani kuwa ya wiki moja. Huonekana kama bibi harusi aliyesema anakwenda kuwasalimu wazazi akiwa na masanduku yote. Watu wa Buffalo wanalikumbuka hili vyema. Baina ya 2008 na 2013 Bills walikuwa wakicheza mechi moja ya nyumbani kila mwaka Toronto, ng'ambo ya ziwa Ontario, mwendo usiofika saa mbili na nusu kwa gari. Mmiliki wao, Ralph Wilson, alikuwa mzee wa miaka tisini hivi, na kila mtu alijiuliza timu itakuwa ya nani atakapofariki. Buffalo uwanja wao uko wazi, theluji na upepo wa ziwani ni askari wao. Toronto walicheza chini ya paa, pakavu, mbele ya majukwaa yasiyojua yamshangilie nani. Katika mechi sita za msimu wa kawaida walizocheza kule walishinda moja tu. Wilson alifariki Machi 2014, timu ikanunuliwa na watu walioamua kuibakisha, na kabla mwaka haujakwisha mpango wa Toronto ukafutwa. Buffalo walifurahia kufutwa kule kama wafurahiavyo watu kurudi kwa mgonjwa.

Na wale wa upande wa pili wa bahari? Si haki kuwafanya wezi. Uingereza mchezo huu uliingia majumbani kwa televisheni mwaka 1982, kituo cha Channel 4 kilipoanza kuuonyesha, na vijana waliokaa macho Jumapili usiku walichagua timu zao kama mtu achaguavyo nyota: mmoja Dolphins kwa sababu ya rangi, mwengine Bears kwa sababu mwaka 1986 walikuja Wembley wakacheza mechi ya kirafiki na Dallas Cowboys. Watoto hao leo wana mvi. Wamependa kwa miaka 40 timu ambazo huenda hawajawahi kuziona zikicheza, na kila mwaka ikija mechi London huvaa jezi zao, kila mtu ya kwake, hata uwanja unapokuwa wa timu mbili tu utaona rangi za timu zote 32. Mgeni kutoka Marekani huona huo ni mchezo wa kuigiza. Lakini mtu aliyevaa jezi ya timu isiyocheza siku hiyo anasema jambo moja tu, kuwa yeye naye yumo.

Nao wana donge lao. NFL iliwahi kuwapa Wazungu ligi yao wenyewe, iliyoanza 1991, na London Monarchs ndio mabingwa wake wa kwanza, hapo hapo Wembley. Miaka ikapita, Monarchs wakafa, Barcelona wakafa, Waskoti wakafa, mwisho zikabaki timu sita, tano za Ujerumani na moja ya Amsterdam. Juni 2007 ligi ile ikafungwa. Oktoba mwaka ule ule Dolphins na Giants wakaletwa London. Watu wa Frankfurt, ambao timu yao ya Galaxy ilikuwa na mashabiki kwa makumi ya maelfu, walinyang'anywa kilichokuwa chao, na Waingereza wakaonjeshwa cha wengine. Ndiyo maana ukimwuliza shabiki wa London kama angependa Jaguars wahamie kwake moja kwa moja, mara nyingi husita. Ana timu tayari, aliipata akiwa na miaka 12. Na hataki iliyoporwa.

Ujerumani ilingoja hadi tarehe 13 Novemba 2022, Tampa Bay Buccaneers walipocheza na Seattle Seahawks mjini Munich. Buccaneers walishinda 21 kwa 16, lakini kilichobaki katika kumbukumbu za watu ni wimbo. Karibu na mwisho wa mechi ulipigwa wimbo wa John Denver wa 1971, "Take Me Home, Country Roads", na watu karibu 70,000 wakauimba, na muziki uliposimamishwa wakaendelea wenyewe. Ni wimbo wa mtu anayetamani kurudi kwao, West Virginia. Waimbaji hawakuwa wa West Virginia, wala timu zile mbili hazikuwa za huko, na walioanza kuutunga waliupata mwanzo wake wakiwa barabarani Maryland. Shairi la kutamani nyumbani, basi, lilitungwa na wasio wenyeji, likaimbwa na wasio wenyeji, kwa heshima ya wageni. Baadhi ya Wamarekani waliotazama asubuhi ile walikiri kuwa viwanja vyao havina sauti kama hiyo. Kukiri huko kulikuwa na wivu ndani yake, na wivu wa mwenyeji anayeona mgeni wake akipokewa vizuri zaidi kwa jirani si kitu kidogo.

Dublin mambo yalipinduka zaidi. Tarehe 28 Septemba 2025, katika uwanja wa Croke Park, Pittsburgh Steelers walikuwa ndio wenyeji na Minnesota Vikings wageni. Steelers ni timu ya ukoo wa Rooney, wenye asili ya Ireland, na mmoja wao, Dan Rooney, alikuwa balozi wa Marekani nchini humo baina ya 2009 na 2012. Majukwaa yakajaa taulo za manjano za Pittsburgh. Mwenyeji wa ratiba akawa mwenyeji kweli, mgeni akafungwa 24 kwa 21, na badala ya kurudi Minnesota akavuka kwenda London kucheza tena Jumapili iliyofuata. Mwaka huo wa 2025 mechi saba zilichezwa nje ya Marekani, katika miji ya São Paulo, Dublin, London mara tatu, Berlin na Madrid. Timu iliyocheza Berlin ikihesabiwa kuwa mwenyeji ilikuwa Colts, wale wale wa magari ya usiku.

Mji mmoja ulichelewa kuingia katika haya, nao ni Green Bay, Wisconsin, wenye watu wapatao 107,000. Packers si mali ya mtu mmoja. Hisa zake wanazo wananchi, hisa zisizotoa faida wala haziuzwi sokoni, na mtu huzitundika ukutani kama cheti cha ndoa. Walikuwa wa mwisho katika timu zote 32 kucheza mechi ya msimu wa kawaida nje ya nchi, tarehe 9 Oktoba 2022, walipofungwa na Giants London 27 kwa 22. Sababu ya kuchelewa ni nzuri kuisimulia: wao hawakutaka kutoa mechi ya nyumbani, na timu nyingine nazo hazikutaka kutoa siku ya kutembelewa na Packers, maana mashabiki wao husafiri na kujaza viwanja vya watu. Ilipoongezwa mechi ya 17, na baadhi ya timu kupata siku ya tisa ya nyumbani kwa zamu, ndipo kisingizio kilipokwisha.

Msomaji wa Unguja au Mombasa anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Mwaka 2008 ligi kuu ya soka ya Uingereza ilitoa wazo la mechi ya 39, itakayochezwa nje ya Uingereza, na mashabiki wa Liverpool na Manchester wakalipinga mpaka likafa. Oktoba 2025 mechi ya Villarreal na Barcelona iliyokuwa ipelekwe Miami nayo ilifutwa baada ya malalamiko. Katika vibanda vya mpira vya pwani yetu, vijana waliorithi Arsenal kutoka kwa baba zao hawakuulizwa lolote. Na wangeulizwa, jibu lao lisingefanana na la Liverpool. Wao ni ndugu wa yule Mwingereza mwenye jezi ya Dolphins. Mechi za London, kwa bahati, huanza saa nane na nusu mchana kwa saa za huko, ambazo kwetu ni saa kumi na nusu alasiri. Jacksonville ni saa tatu na nusu asubuhi, na California jua ndilo kwanza linachomoza. Ni mara chache mchezo ule huwa na saa njema kwa mtu wa Zanzibar na saa mbaya kwa mwenyewe.

Juni 2024 baraza la mji wa Jacksonville lilipitisha mpango wa kuujenga upya uwanja wao kwa gharama ya takriban dola bilioni 1.4, zaidi ya nusu yake zikiwa fedha za mji. Kwa mashabiki wengi hilo lilikuwa ndilo jibu la maswali ya miaka 12, kwa kuwa mtu hajengi nyumba ya gharama hiyo ili aihame. Kazi imepangwa kumalizika kwa msimu wa 2028. Kabla ya hapo upo msimu wa 2027, ambao uwanja utakuwa mikononi mwa mafundi, na mechi za nyumbani za Jaguars zimepangwa kuchezwa Orlando, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari. Wenye tiketi za msimu wameanza kuuliza wapi watachomea nyama.